Tubadilishe Rangi ya Mashua: Somo kwa Vikundi Vyenye Chombo cha Baharini



Mara nyingi katika kurasa hizi tumezungumza juu ya kuku, mbuzi wa maziwa na vitabu vya hesabu. Leo tunawageukia wenzetu wa pwani, ambao mali ya kikundi chao haikai bandani bali inaelea. Lakini hata kama kikundi chenu hakina chombo, someni mpaka mwisho, manake mambo ya mashua hii yanaweza kuwafika hata wenye posho mill au tangi la maji.

Shabaha ya somo: mwisho wa somo hili kikundi kiweze (1) kueleza kwa nini kinataka kubadilisha rangi ya chombo, (2) kuandaa mbao ili rangi ishike, (3) kupiga hesabu ya rangi inayotakiwa, na (4) kukamilisha mambo ya namba na usajili.

MTUNGI WA MANJANO

Kuna kikundi kimoja tunachokitembelea, upande wa kaskazini wa Kilifi. Wanachama ni wake kwa waume. Wanaume wengi huvua, na kina mama hununua na kukaanga samaki. Mashua yao waliinunua ikiwa imeshatumika, na ilikuwa ya buluu iliyoiva. Hakuna aliyeuliza habari ya rangi. Mashua ni mashua.

Siku moja mlingoti ulivunjika, wavuvi watatu wakiwa nje ya miamba. Upepo wa kusi na mkondo wa maji vikawachukua kuelekea kaskazini. Usiku ukaingia. Asubuhi wenzao wakatoka na boti mbili za injini kuwatafuta. Wale watatu walituambia kwamba boti moja ilipita karibu nao hata wakasikia mlio wa injini. Walipiga kelele, wakapunga mikono, lakini boti ikapita. Mashua ya buluu juu ya maji ya buluu, nani angeiona?

Walipatikana alasiri. Kilichoonekana kumbe hakikuwa mashua. Mmoja wao alikuwa amefunga mtungi mtupu wa mafuta ya kupikia, ule wa manjano, kwenye ncha ya upondo, akawa anauinua juu. Mwenye boti alisema, "Mimi sikuona watu. Niliona kitu cha manjano kinachezacheza."

Wiki iliyofuata kikundi kilikutana, na neno lilikuwa moja tu: tubadilishe rangi. Walikuja ofisini kwetu kuomba mkopo mdogo wa kununua rangi. Sisi tuliona sababu ni nzuri, tukaidhinisha siku ileile. Hapo ndipo tulipokosea, nasi tutawaeleza kosa letu mbele kidogo.

1. KWANZA SABABU, HALAFU RANGI

Kabla ya kwenda dukani, kaeni chini mjiulize: kwa nini tunataka rangi nyingine? Ziko sababu njema kadha wa kadha: chombo kionekane baharini, jua lisichome mbao, chombo kitambulike kuwa ni chetu, rangi ya zamani imechakaa. Urembo nao si dhambi. Mafundi wa Lamu tangu zamani wamepamba omo za vyombo kwa nakshi na rangi. Lakini urembo usitangulie usalama.

Iko pia sababu moja ya kujihadhari nayo. Wakati wa kampeni mtu anaweza kujitolea kuwanunulia rangi, mradi iwe ni rangi ya chama chake. Hebu fikirini. Kampeni itaisha, rangi itabaki. Mwanachama asiyempenda mtu huyo atakuwa anaingia chomboni kwa moyo mzito. Mali ya kikundi isivalishwe sare ya mtu mmoja.

Uamuzi ufanywe na mkutano wa wanachama, si mwenyekiti peke yake wala nahodha peke yake. Karani aandike katika kumbukumbu: tumeamua nini, kwa sababu gani, kwa pesa ngapi, na nani atasimamia.

2. RANGI GANI INAONEKANA?

Buluu, kijani na kijivu hupotea baharini, kwa sababu bahari yenyewe ni ya rangi hizo.

Nyeupe watu hudhani ndiyo bora. Siku ya shwari ni kweli, yaonekana. Lakini upepo ukivuma bahari hujaa mapovu meupe, na chombo cheupe hufanana na povu kwa mbali.

Nyekundu huonekana vizuri mchana. Magharibi ikiingia, nyekundu hugeuka kuwa kama nyeusi machoni pa mtu.

Manjano na rangi ya chungwa ndizo zinazoonekana mbali zaidi mchana. Ndiyo maana boti za kuokolea watu katika meli kubwa hupakwa rangi ya chungwa, na jaketi za kuokolea nazo pia.

Liko jambo jingine. Rangi nyeusi au iliyoiva hula joto la jua. Mbao hupata moto, hunywea, na viungo vya mbao hufunguka. Rangi nyepesi hurudisha jua, na chombo huvuja kidogo zaidi. Kwa hiyo manjano ina faida mbili.

Sasa, wapi mpake? Msifikirie ubavu peke yake. Mtu anayetafuta kutoka juu huona ndani ya chombo, kwa hiyo pakeni rangi ya kuonekana juu ya vikalio na kwenye ukingo. Na chombo kikipinduka, ni kipi kinachobaki juu? Ni tumbo lake. Basi pakeni mkanda mpana wa rangi ya chungwa kukatiza tumbo, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ni kazi ya nusu saa ambayo twaomba Mungu msije mkaihitaji.

Tena kumbukeni kwamba usiku rangi haisaidii kitu. Tochi, kioo, filimbi na jaketi za kuokolea bado ni lazima. Rangi haichukui nafasi ya vitu hivyo.

3. MBAO KWANZA: KOSA LETU

Turudi kwa kikundi chetu. Walinunua rangi nzuri ya mafuta, wakakusanyika siku moja, wakapaka mashua yote ya manjano kabla ya jua kutua. Ilipendeza ajabu. Watoto waliifuata pwani wakishangilia. Sisi wenyewe tulisimama kando yake tukifurahi.

Haikupita miezi mitatu rangi ikaanza kubambuka. Ilitoka vipande vipande kama ganda la yai, na ile buluu ya zamani ikachungulia. Mahali pengine mbao zenyewe zilikuwa wazi, zinang'aa mafuta. Katika mkutano mweka hazina alisimama akauliza kwa upole, lakini wote tulisikia uchungu wake: "Jamani, mkopo tunaulipa, na rangi iko majini. Pesa zetu zimekwenda wapi?" Wengine wakaanza kusema afadhali mashua iuzwe, kila mtu apewe chake.

Tulimwita mzee mmoja fundi wa vyombo. Alipitisha kidole ubavuni, akakinusa, akacheka. "Wanangu," alisema, "mbao hizi zimelishwa sifa miaka na miaka. Mmepaka rangi juu ya mafuta. Rangi hapo yashika nini?"

Sifa, kwa wale wa bara, ni mafuta ya ini la papa. Wavuvi wengi huyapaka mbao ili zisinywe maji wala kupasuka. Ni dawa nzuri ya mbao, lakini sifa na rangi ni kama maji na mafuta ya taa: hazikai pamoja.

Mzee yule alikuwa akikaa umbali wa kutupa jiwe kutoka mahali tulipopakia rangi. Hakuna aliyemwuliza, si kikundi wala sisi wenye vyeti. Sisi tulikuwa tumekagua barua ya maombi, sahihi na muhuri, lakini mbao hatukuzigusa. Kosa tulilikubali mbele ya mkutano, na tukawaongezea kikundi miezi sita ya kulipa mkopo.

Basi jifunzeni kipimo hiki. Mwageni matone ya maji safi juu ya mbao kavu iliyokwanguliwa. Maji yakinywewa, mbao iko tayari. Maji yakisimama kama shanga, mafuta yangali ndani.

Ili kutoa mafuta: kwangueni, osheni kwa sabuni na maji ya moto, acheni ikauke, kisha futeni kwa kitambaa chenye tapentaini au thina. Badilisheni kitambaa mara kwa mara, manake kitambaa kichafu kinahamisha mafuta tu, hakiyaondoi. Rudieni kipimo cha matone. Halafu pakeni kipande kidogo tu, ukubwa wa kiganja, mkiache siku mbili. Bandikeni plasta juu yake, muing'oe kwa nguvu. Rangi ikitoka na plasta, msiendelee.

Na kama mbao ni za zamani sana, zimekunywa sifa mpaka ndani? Tuseme kweli: huenda mafuta hayatatoka kamwe. Msipoteze pesa. Endeleeni na sifa kwenye mbao hizo, mkapake rangi kwenye mbao mpya za juu, ukingo, vikalio na mlingoti. Hata mkanda mmoja wa manjano ulioshika ni bora kuliko mashua nzima inayobambuka.

4. KALENDA YA BAMVUA MBILI

Bahari yenyewe inatupa ratiba. Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Maji hujaa sana, na chombo chaweza kuvutwa juu mahali ambapo maji ya kawaida hayafiki. Bamvua nyingine huja baada ya kama siku 14 au 15. Basi pandisheni na bamvua moja, mshushe na ya pili. Chagueni majira yasiyo ya mvua.

Siku ya 1 na 2. Vuteni chombo juu ya magogo. Kwangueni chaza na majani ya bahari yangali mabichi. Yakikauka hugeuka kuwa kama simiti. Osheni chombo chote kwa maji ya kisima au ya mfereji. Chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu, na rangi hufura malengelenge.

Siku ya 3 hadi 5. Tengenezeni kivuli cha makuti. Chombo kikauke, lakini kisichomwe na jua, mbao zisije zikanywea sana. Fundi apite na ncha ya kisu akichoma mbao taratibu. Kisu kikizama kama kwenye boga, hapo pameoza au pameliwa na mdudu. Mbao hiyo ibadilishwe. Msifiche uozo kwa rangi. Rangi haizibi tundu. Kisha kalafati: viungo vyote vilivyolegea vitiwe pamba upya na kuzibwa.

Siku ya 6 na 7. Toeni mafuta, pigeni msasa, fanyeni kile kipimo cha kiganja na plasta.

Siku ya 8. Praima kwenye mbao zote zilizo wazi.

Siku ya 9 na 10. Rangi nyeupe ya chini, mkono mmoja kila siku.

Siku ya 11 na 12. Manjano, mkono mmoja kila siku. Anzeni umande ukishakauka, kama saa tatu asubuhi, mkamalize mapema alasiri ili umande wa jioni usikute rangi mbichi.

Siku ya 13. Namba na jina.

Siku ya 14. Sehemu inayokaa majini. Wengi wetu tunatumia deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, nayo inafaa bado. Anzeni kwa ule mkanda wa chungwa. Mkitumia deheni, mkanda uacheni wazi bila deheni, na mjue kwamba utahitaji kukwanguliwa mara kwa mara. Ziko pia rangi za dukani za kuzuia chaza, na nyingi zina shaba. Ila rangi za zamani zilizokuwa na sumu ya bati zimepigwa marufuku na mkataba wa kimataifa tangu 2008, kwa sababu zilidhuru chaza na konokono wa bahari. Mtu akiwaletea kopo kuukuu kutoka melini, likataeni.

Kama mvua imewavuruga katikati, subirini bamvua nyingine. Haraka haraka haina baraka. Wiki mbili za kukaa bure zinauma, lakini rangi ya pili inauma zaidi.

5. HESABU YA RANGI

Lita moja ya rangi ya mafuta, juu ya mbao, huenea kama mita 8 za mraba kwa mkono mmoja. Tuseme mashua ina urefu wa mita 7, na ubavu ulio juu ya maji una kimo cha mita 0.8.

Ubavu mmoja: 7 x 0.8 = 5.6
Mbavu mbili: 5.6 x 2 = 11.2
Ongezeni kidogo kwa sababu ya mviringo na shetri: tuseme 12
Mkono mmoja: 12 ÷ 8 = lita 1.5

Sasa sikilizeni, hapa ndipo wengi hupotea. Kama mnarudia rangi ileile, mikono miwili yatosha, yaani lita 3. Lakini mkitoka rangi iliyoiva kwenda nyepesi, hesabu inabadilika. Manjano ni rangi isiyofunika vizuri. Ukiipaka juu ya buluu moja kwa moja, utapata rangi ya kijanikijani kama bwawa la vyura. Lazima mtangulize nyeupe mikono miwili. Hivyo ni lita 3 za nyeupe ya chini na lita 3 za manjano, jumla lita 6, bila kuhesabu praima na tapentaini. Kubadilisha rangi ni kama mara mbili ya kurudia rangi. Hesabu hii ifanyweni mkutanoni, mbele ya wote, kabla ya kuchukua mkopo.

Andikeni pia gharama zisizoonekana: fundi, pamba, msasa, brashi, chakula cha wavutaji, na siku 14 bila samaki. Mama anayekaanga samaki atauza nini siku hizo? Jambo hili nalo lijadiliwe mapema.

6. TAHADHARI

Rangi kuukuu huenda ina risasi ndani yake, na risasi huharibu akili ya watoto. Lowesheni maji kabla ya kupiga msasa, vumbi lisiruke. Msichome rangi kwa moto. Fungeni kitambaa puani. Watoto wakae mbali, hata kama wanasema wanakuja kusaidia. Magamba ya rangi yakusanyweni juu ya turubai. Yasitupwe mikokoni wala majini, manake ndipo kamba na kaa wanapolelewa. Thina na sigara visikutane. Vitambaa vyenye mafuta vitandazwe vikauke, visirundikwe, vinaweza kushika moto vyenyewe.

7. RANGI IKIKAUKA, KAZI HAIJAISHA

Kikundi chetu kilipopaka mara ya pili, kwa kumfuata mzee fundi, rangi ilishika. Lakini safari ya kwanza tu mashua ilizuiwa na maafisa. Namba ilikuwa imefunikwa na rangi, na katika karatasi mashua ilitajwa kuwa ya buluu. Nahodha alisema, "Ni hiihii, tumeivisha tu." Maafisa wakamjibu kwamba hata mwizi husema hivyo. Samaki wa siku hiyo waliharibika.

Na maafisa hawakukosa. Chombo kikiibwa, jambo la kwanza mwizi hufanya ni kubadilisha rangi. Kwa sheria ya uvuvi ya 2016, chombo cha uvuvi hutakiwa kusajiliwa. Kwa hiyo:

(a) Kabla ya kukwangua, nakilini namba ya usajili na mpige picha ya chombo.
(b) Rudisheni namba palepale, kwa rangi inayopingana na ubavu: nyeusi juu ya manjano husomeka vizuri.
(c) Pelekeni habari kwa kamati ya wavuvi ya ufuo, ile tunayoiita BMU, na kwa afisa wa uvuvi. Kama karatasi zinataja rangi, ombeni zirekebishwe.
(d) Waambieni wavuvi wa madiko jirani. Wao ndio watakaotoka kuwatafuta mkipotea, na lazima wajue wanatafuta rangi gani.

MWISHO

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mashua ile leo ni ya manjano, na mkopo umelipwa wote. Juzi tulikuwa ufuoni jioni pamoja na kina mama wanaongoja samaki. Vyombo vingi vilikuwa vingali doa tu kule nje, huwezi kujua kipi ni cha nani. Mama mmoja, mke wa yule aliyeinua mtungi, akanyosha kidole. "Yetu ile," akasema, akaanza kuwasha jiko.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Chombo au mali ya kikundi chetu inatambulikaje? Ikipotea leo, tungeielezaje?
2. Ni nani katika kijiji chetu anayejua kazi hii kuliko sisi, na hatujamwuliza? Kwa nini?
3. Tumewahi kufunika uozo kwa rangi katika mambo ya kikundi, kwa mfano vitabu vya hesabu? Tufanye nini?
4. Mtu akitupa zawadi yenye masharti, tutaamuaje?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: pimeni chombo chenu kwa kamba, pigeni hesabu ya rangi, na fanyeni kipimo cha matone ya maji mahali patatu ubavuni. Karani alete majibu kwa maandishi.